Anayeimba Ndani ya Tangi

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na tangu nianze kazi kuna neno moja limekuwa likinipandisha presha kuliko mengine yote. Neno lenyewe ni "sawa". Unamweleza mtu jambo, anatikisa kichwa, anasema sawa dada, sawa kabisa, halafu anakwenda kufanya kitu kingine. Ukimfuata kumuuliza kwa nini hakusema kwamba hajaelewa, anakujibu kwamba hakutaka kukusumbua. Nilifanya kazi katika ofisi moja hapa mjini Dodoma ambako vikao vilianza kwa sawa na kuisha kwa sawa, na kila mtu alitoka na kikao chake kichwani. Kwa hiyo nilipopata kazi kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo huko Makutupora, kazi ya kupima sukari na uchachu wa juisi ya zabibu, nilishukuru Mungu. Nilijiambia kwamba sasa nitazungumza na vipimo, na vipimo havina adabu za uongo.

Sikujua kwamba nakwenda mahali ambapo ningesikia watu wakielewana kuliko nilivyowahi kusikia popote. Hadi leo nikikaa nyumbani kwangu Nzuguni na kukumbuka, mwili unanisisimka.

Nieleze kwanza kazi yenyewe ilivyo. Zabibu zikishapondwa, juisi hukaa pamoja na maganda yake ndani ya matangi ya chuma yaliyo marefu kupita nyumba ya kawaida, na humo huchachuka. Juisi ikishatolewa, chini hubaki makapi, yaani maganda na mbegu, tope zito la zambarau linalofika magotini. Makapi hayatoki yenyewe. Mtu huingia kwa mlango mdogo ulio chini ya tangi, mlango wa kupitisha mabega kwa tabu, akiwa na beleshi, na kuyasukuma nje. Hatari yake ni kwamba zabibu zinapochachuka hutoa hewa mbaya, haina rangi, na harufu ya mvinyo huifunika. Mtu akiivuta, miguu humlegea, kisha akili, kisha hakuna kisha. Ndiyo maana kuna feni ya kupuliza, kuna kifaa cha kupima hewa kinachotangulia kuingia kabla ya mtu, na kuna mkanda kiunoni wenye kamba ambayo ncha yake imeshikwa na mwenzake aliye mlangoni.

Na kuna wimbo.

Siku niliyousikia kwa mara ya kwanza nilikuwa mezani kwangu na chupa zangu. Sauti ya mwanaume ilitoka ndani ya chuma, nene, imejaa chumba kizima, utadhani tangi lenyewe limepata koo. Nikaacha chupa. Mlangoni pa tangi alikuwa amekaa mama mmoja mtu mzima, kilemba kichwani, kitenge juu ya ovaroli, kamba ameizungusha kwenye kiganja. Alikuwa akiita kwa sauti nyembamba ya juu, "Wewe uliye ndani, wamekuficha?" Na sauti nene ikamjibu, "Hawajanificha, nipo!" "Unalima nini huko gizani?" "Nalima zambarau!" "Na jembe lako limetoka wapi?" "Limetoka kwa bosi, halina makali!" Kila swali jipya, kila jibu jipya, na sauti zao zikipandana vile Wagogo wanavyojua kuzipandisha, moja juu ya nyingine bila kugongana. Nilisimama pale mpaka juisi yangu ikawa moto kuliko kipimo kinavyotaka.

Wakati wa chai nikamfuata yule mama. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa chumba cha matangi. Alikuwa mwenyeji wa Makutupora, amefanya kazi hiyo muda mrefu kuliko mtu yeyote pale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu chai."

"Mama, mbona mnaimba muda wote? Si ungemuuliza tu kama yuko salama?"

Akanicheka, si kwa ubaya. "Nikimuuliza uko salama, atasema salama. Nani hasemi salama? Mtu ana homa inamtetemesha, ukimwambia habari za asubuhi anakujibu nzuri. Wimbo ni mgumu kuudanganya. Pumzi ikipungua, sauti inashuka. Akili ikianza kuchoka, anajibu swali lililopita."

Kisha akanipa sheria za mlangoni, na alizisema polepole huku akinitazama machoni. Aliye ndani akijibu, na jibu likalingana na swali, kazi inaendelea. Aliye nje akinyamaza, aliye ndani anajua kwamba anatakiwa kutoka. Aliye ndani akikosea jibu au akinyamaza, kamba inavutwa hapohapo, na hakuna mtu anayeingia kumfuata. Haulizwi mara ya pili. Alipomaliza, akaniambia, "Haya, nirudishie nilichosema." Nikarudisha. Nilikosea kipengele cha mwisho, akanirudisha nyuma kama mwalimu wa darasa la kwanza, na mimi mwenye hasira za karibu nikarudia bila kununa.

Nilikuwa nimewahi kupelekwa semina ya mawasiliano kazini, ile ya ukumbi wenye viyoyozi na sambusa. Mwezeshaji alichora mshale kutoka kwa mtoa ujumbe kwenda kwa mpokeaji, kisha akachora mwingine unaorudi, akauandika "mrejesho", akasema bila huo wa pili wa kwanza haujafika. Nilimwelewa vizuri na nilikubaliana naye. Lakini kuuona mshale ule unarudi kwa sauti ya mtu aliye hai gizani, hilo lilinipita kimo. 

Hawakukawia kuniingiza kwenye wimbo. "Dada wa vipimo amekula?" "Amekula, bado amenuna!" Nilikuwa nachungulia kwa hasira za maonyesho, wanacheka, wimbo unaendelea. Nilijifunza kupima juisi kwa kufuata sauti zao, na siku ambazo hapakuwa na tangi la kusafisha niliona kiwanda kimepoa kama jiko lisilo na moto.

Aliyekuwa akiimba ndani siku ile ya kwanza alikuwa kijana wa upande wa Hombolo, mwanaume mwembamba mwenye kifua cha kwaya. Kuimba huko tangini hakukumpa taabu, kwani kila Jumapili alikuwa akishika sauti ya nne kanisani kwao. Sasa huyu kijana akampenda binti wa yule mama. Hatukujua jambo hilo limefikia wapi mpaka Jumatatu moja ya msimu wa mavuno, aliporudi kazini akiwa amenyoa vizuri na anatembea kama amebeba maji kichwani. Jumamosi iliyotangulia washenga walikuwa wamekwenda, posa imepokelewa, wazee wamekula na kukubaliana. Kiwanda kizima kilipiga vigelegele.

Ni hapo nilipoona kitu ambacho sikukitarajia. Kwa desturi ya familia zile mbili, mkwe na mama mkwe wana staha nzito kati yao. Hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawaongei moja kwa moja. Wakiwa na neno, hulipitisha kwa mtu wa tatu. Ijumaa walikuwa wameimbiana na kutaniana kama kawaida. Jumatatu, mama akipita huku, kijana anazunguka nyuma ya pampu. Mama naye alikuwa akivuta ncha ya kitenge usoni na kugeuka ukutani. Wenzetu waliona ni heshima nzuri, na mimi pia, nikisema kweli, niliipenda. Niliona binti amepata mchumba anayejali.

Siku chache baadaye mshika kamba mpya wa kijana, aliyechukua nafasi ya mama tangu posa, akaenda msibani. Zabibu zilikuwa zinamiminika kutoka mashambani, watu wote wako kwenye mashine ya kuponda, na tangi moja lilitakiwa liwe tupu kabla ya jua kuwa kali. Mtu aliyebaki mwenye mkono wa kamba alikuwa mama peke yake. Akatembea mpaka mlangoni pa tangi, akakaa, akaanza kuzungusha kamba kwenye kiganja. Kijana alikuwa amesimama kando, macho chini. Angeweza kukataa, lakini kukataa nako kulitaka maneno, na maneno kwa mama mkwe alikuwa hana. Kipimo cha hewa kikaingizwa, kikasema hewa ni nzuri. Feni ikawashwa. Kijana akafunga mkanda, akapenya.

"Wewe uliye ndani," mama akaita, "wamekuficha?"

Sauti ikatoka, ndogo, ya chini, sauti ya mtu anayejibu akiwa ameinamisha kichwa. "Nipo."

Waliokuwa kwenye mashine wakaangua kicheko. "Mkwe anaona haya!" mmoja akapaza sauti. "Leo tutamsikia vipi!" Hata mimi nilitabasamu. Nilimwona katika mawazo yangu, mwanaume mzima ndani ya giza la zambarau, anashindwa kumwimbia mama wa mchumba wake.

Mama hakucheka. Aliita tena, akauliza analima nini, akajibiwa kwa sauti ileile ndogo kwamba analima zambarau. Akauliza jembe limetoka wapi, akajibiwa kwa bosi. Majibu yalikuwa sahihi, ila yalikuwa membamba mno, na niliona mama ameinamisha sikio mpaka karibu liguse chuma. Ndani beleshi lilikuwa linakwaruza. Kijana alikuwa amefika kona ya mbali, mahali ambapo makapi hukaa yameshindiliwa, na yakichokonolewa huachia hewa iliyojificha chini yake, ambayo kipimo cha asubuhi hakikuiona.

"Wewe uliye ndani," mama akaita, "nyumbani leo wamepika nini?"

"Kwa bosi," ikajibu sauti.

Kicheko kikaongezeka pale kwenye mashine, maana walisikia jibu, na jibu lilikuwa la kuchekesha. Mama alikuwa ameshavuta. Hakuuliza mara ya pili. Alipachika miguu yote miwili kwenye ukuta wa tangi, akajilaza nyuma, akavuta kwa mwili mzima, na akapiga ukelele mmoja ulioninyanyua kitini. Nilifika nikashika kamba nyuma yake, wengine wakafika nyuma yangu. Kikaja kisigino cha buti, kikaja kiuno, tukaona mgongo. Mama akaachia kamba, akaingiza mikono yake mwenyewe mlangoni, akamkamata mkwe wake kwenye mkanda na kwenye ukosi wa ovaroli, akamtoa nje kama anavyotoa mtoto kwenye beseni. Mikono ile ilikuwa haijathubutu hata kumpa kikombe cha chai tangu Jumatatu.

Tulimlaza nje chini ya mwarobaini. Alikuwa anapumua. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, macho yako wazi lakini hayatazami popote, halafu akakohoa, akatapika, akaanza kulia. Gari la kiwanda likampeleka zahanati. Mama alisimama palepale chini ya mwarobaini mpaka vumbi la gari likatua, kisha akajifunika uso wote kwa kitenge.  Nilikuwa nimesikia sauti ileile aliyoisikia yeye, kwa masikio mawili kama yake, na nilikuwa nimetabasamu.

Kesho yake kijana alirudi akiwa mzima, ametakiwa na daktari apumzike kwanza. Mama akaniita bandani kwenye makreti. Kijana alikuwa ameketi upande mmoja, mama akaketi upande wa pili akampa mgongo, na mimi nikawekwa katikati.

"Mwambie," mama akasema, "jana miguu ilipoanza kulegea, alijua?"

"Lakini mama, anakusikia," nikasema. Hasira zangu zilikuwa hazijafa.

"Najua ananisikia. Mwambie."

Nikamgeukia kijana. "Mama anauliza, jana miguu ilipoanza kulegea, ulijua?"

"Mwambie mama kwamba nilijua."

"Anasema alijua."

"Mwambie, mbona hakusema?"

Nikamwambia. Kijana alikaa sana bila kujibu, na nikagundua kwamba hakuna aliyeweza kumharakisha, kwa sababu zamu ilikuwa yake na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuichukua. Sijawahi kuona kikao cha namna ile. Kila neno lilisemwa, likasikiwa, likasemwa tena kwa mdomo wangu, likasikiwa tena. Hakuna aliyemkata mwenzake. Nilikaa katikati yao nikiona heshima ile niliyodhani ni ukuta inavyoweza pia kuwa daraja.

"Mwambie mama," kijana akasema hatimaye, "ningemwambiaje mama mkwe kwamba miguu imelegea? Wazee wamenipokea juzi kama mwanaume. Nilijiambia nimalize kona ile kwanza, kisha nitoke bila kumsumbua."

Nikayageuza maneno yale kwa mama jinsi yalivyokuwa. Nilipofika kwenye neno kumsumbua, nililitambua, kwa kuwa lilikuwa lilelile, lile sawa langu la ofisini, na safari hii lilikuwa limekaribia kuzika mtu. Mabega ya mama yakatikisika. Alikuwa analia, na hakugeuka.

"Mwambie," akasema, "ningekwenda kumwambia nini binti yangu? Kwamba mwenzake alikuwa na adabu sana?"

Sikuweza kuyarudia maneno hayo. Haikuhitajika pia. Kijana alikuwa ameinamisha kichwa kati ya magoti.

Mimi ni mtu wa kutafuta njia fupi. Nikasema, basi tupange zamu upya, mama asishike kamba yake tena, wamalize heshima zao huko nyumbani. Mama akakataa papo hapo. "Leo ananionea haya mimi," akasema. "Kesho mlangoni atakuwa mchungaji wake, kesho kutwa bosi. Hiyo haya ni yake, anatembea nayo. Mwambie, nje ya geti hili mimi ni mama mkwe, na heshima zote nitazipokea. Pale mlangoni pa tangi mimi ni mwenzake wa kazi. Haya aiache nje pamoja na simu yake. Na wewe, hakikisha umemwambia yote."

Nilimwambia yote. Kisha nikamwambia, kwa ajili yangu mwenyewe safari hii, "Haya, nirudishie nilichosema." Akarudisha neno kwa neno.

Daktari alipomruhusu, tangi lililokuwa linasubiri lilikuwa lilelile. Mashine ya kuponda ilisimama bila mtu kutoa amri. Hewa ilipimwa mlangoni na kwenye kona, ikapimwa tena. Mama akakaa, akazungusha kamba. Kijana akampa mtu simu yake, akafunga mkanda, akapenya, na miguu yake ikapotelea gizani.

"Wewe uliye ndani," mama akaita, "wamekuficha?"

Hakikusikika kitu. Niliona kiganja cha mama kinafumba kwenye kamba. Niliona miguu yake inapanda kwenye ukuta wa tangi. Nilitaka kupiga kelele mimi mwenyewe kwa niaba yake, mtu ambaye sijawahi kuimba hata kanisani.

Halafu chuma kikaitika. "Hawajanificha, mama, nipo!" Sauti ilikuja yote, kifua chote, ile ya Jumapili, ikagonga dari na kurudi, na kwenye dirisha langu chupa za vipimo zikalia. Mama akapanda juu na yake nyembamba, akauliza nyumbani wamepika nini, akajibiwa wamepika ugali na mlenda na mkwe hajakaribishwa bado, na kiwanda kizima kikaanguka kwa vicheko na machozi pamoja. Nililia wazi, sikujificha. Wakaimba mpaka makapi ya mwisho yakatoka, swali kwa jibu, kona kwa kona. Aliposikia pumzi imepungua kidogo, mama akanyamaza, na kijana akatoka mara moja bila kubishana.

Alisimama nje, zambarau mpaka shingoni, akimeta kwa jasho. Akamwona mama yuko mbele yake, akainamisha macho, akageuka kuzunguka nyuma ya pampu kama desturi inavyotaka. Mama naye akavuta ncha ya kitenge usoni, akaniita kwa mkono.

"Mwambie nimemsikia."

Kijana alikuwa hatua chache tu kutoka pale, na alikuwa amesimama. Nilimfuata hata hivyo, nikasimama mbele yake, nikamwambia, "Mama anasema amekusikia."